Saratani ya ngozi usoni na shingoni: inavyotibiwa ikiwa bado changa

Kidonda kidogo puani au nyuma ya sikio kikitoa damu, kikafanya gamba, kikaonekana kupona halafu kikafunguka tena, na wiki 4 zikapita kikiwa hivyo, kichukuliwe kuwa saratani mpaka maabara iseme sivyo. Ikikamatwa hapo, saratani ya ngozi ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko zote. Mara nyingi huondolewa kwa operesheni moja ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, na jioni yuko nyumbani kwake. Wanaoumia ni waliochelewa, na pamoja nao wale ambao matibabu yao ya kwanza yalifanywa nusunusu: uvimbe ukachomwa au ukakatwa bila kupimwa, juu pakafunga vizuri, chini mizizi ikabaki. Ukirudi, hurudi chini ya kovu, na unapoonekana tena huweza kuwa umeshasambaa. Kwa hiyo swali la kuuliza katika kila hatua ni la kingo: pale kisu kilipopita, pande zote na kwa chini, pamebaki seli ya saratani au hapana?

Katika Afrika Mashariki ugonjwa huu huwapata zaidi watu wenye ualbino. Ngozi yao haina melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kuzuia mionzi ya jua, na uso, masikio, midomo na shingo hupigwa na jua tangu utotoni. Hata watoto wa shule ya msingi huanza kuwa na madoa yenye magamba makavu ambayo ni dalili za awali. Ngozi nyeusi nayo haijasalimika. Saratani huota juu ya kovu la zamani la moto au kwenye kidonda ndugu kilichokaa miaka mingi, kwa watu ambao kinga yao imeshuka kwa VVU, na kwa waliopandikizwa figo wanaotumia dawa za kupunguza kinga. Wapo pia watoto wanaozaliwa na zeroderma pigmentosamu, ambao seli zao haziwezi kurekebisha madhara ya jua.

Aina kuu ni tatu. Saratani ya basali huanzia kwenye tabaka la chini kabisa la ngozi ya juu. Hukua polepole na ni nadra sana kusafiri kwenda viungo vingine, lakini ikiachwa hula pua, kope na hata mfupa. Saratani ya skwamasi huanzia kwenye seli bapa za juu yake. Hukua kwa kasi zaidi, huwa na gamba gumu au kidonda chenye ukingo ulioinuka, na inaweza kuhamia kwenye tezi za shingo. Duniani kwa jumla ile ya basali ndiyo nyingi, ila kwa watu wenye ualbino barani Afrika ya skwamasi ndiyo inayotawala, na hilo hubadilisha namna daktari anavyopanga kazi yake. Ya tatu ni melanoma, adimu usoni kwa watu wetu lakini hatari kuliko hizo mbili, tutaigusa baadaye.

Kipande kwanza, matibabu baadaye

Hakuna daktari anayeweza kutofautisha aina hizi kwa macho pekee kila mara. Huchukua kipande cha ngozi, yaani bayopsi. Akishatia ganzi, hutumia kisu cha duara chenye upana wa milimita 3 au 4, akakizungusha mpaka kifike kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi. Kipande kichukuliwe pembeni mwa kidonda, pale ngozi ngonjwa inapokutana na nzima. Katikati mara nyingi kuna nyama iliyokufa na jibu hurudi halina maana. Kikitolewa, kinatiwa kwenye formalini ya asilimia 10, dawa inayokizuia kisioze, na kiasi cha dawa kiwe mara 10 ya ukubwa wa kipande. Hapa ndipo sampuli nyingi huharibika: kipande kinawekwa kwenye maji ya chumvi au chupa kavu, kinaoza njiani, na mgonjwa anaambiwa arudi kukatwa upya. Ndugu anayebeba chupa kwenda maabara ana haki ya kuuliza kilichomo ndani yake, na kuhakikisha jina na sehemu ya mwili vimeandikwa kwenye chupa yenyewe, siyo kwenye kifuniko.

Wakati jibu linasubiriwa, daktari hupapasa tezi zilizo mbele ya masikio, chini ya taya, chini ya kidevu na pande zote za shingo. Saratani ya kipaji cha uso, panja na sikio hukimbilia kwanza kwenye tezi ya mate iliyo mbele ya sikio. Ya mdomo hukimbilia chini ya kidevu na taya. Tezi ikiwa ngumu hufyonzwa kwa sindano nyembamba na kupimwa. Zikikutwa na saratani, ugonjwa si wa hatua ya mwanzo tena, na matibabu huwa ya kusafisha tezi za shingo, kisha mara nyingi tiba ya mionzi.

Daktari huangalia pia uvimbe umeota wapi. Kope, nyusi, pua, midomo, kidevu, masikio, mbele na nyuma ya sikio, na panja ni sehemu zenye hatari kubwa hata kwa uvimbe mdogo. Ngozi huko imeshikamana na gegedu au mfupa, mishipa ya fahamu imepita karibu, na hakuna ngozi ya ziada ya kuchezea. Mashavu, sehemu ya juu ya kipaji na shingo zina nafasi zaidi. Uvimbe wa milimita 8 kwenye ncha ya pua unaweza kuwa kazi ngumu kuliko wa sentimita 2 kwenye shavu.

Upasuaji ulivyo

Kukata ndiyo tiba kuu. Kabla ya sindano, daktari huweka taa kali, huvuta ngozi, na huchora ukingo wa uvimbe kwa kalamu. Kuchora kunatangulia kwa sababu ganzi huvimbisha ngozi na kuifanya nyeupe, na ukingo hupotea. Kisha kwa rula anapima ngozi nzima itakayokwenda pamoja na uvimbe: milimita 4 kwa saratani ya basali isiyo ya hatari na isiyozidi sentimita 2, milimita 4 hadi 6 kwa ya skwamasi isiyo ya hatari, na zaidi ya hapo kama ni kubwa au ina dalili mbaya. Wagonjwa wengi hushtuka wakiona mchoro mkubwa kuliko kidonda. Milimita hizo ndizo zinazobeba vijimizizi visivyoonekana, na kuzipunguza ili kovu liwe dogo ndiyo njia fupi ya kurudi tena chumba cha upasuaji.

Ganzi ya kawaida ni lidokeini ya asilimia 1 au 2 iliyochanganywa na adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu. Kipimo cha juu ikiwa na adrenalini ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 asizidi miligramu 420, yaani mililita 42 za asilimia 1 au 21 za asilimia 2. Uvimbe mdogo wa usoni hauhitaji hata robo ya hiyo. Baada ya sindano ni vizuri kusubiri dakika 10 au zaidi. Anayekata mara moja hupata damu nyingi na haoni vizuri. Mgonjwa akianza kusikia mlio masikioni, ladha ya chuma au ulimi kufa ganzi, aseme palepale, kwani ni dalili kwamba dawa imezidi au imeingia kwenye mshipa.

Mkato kwa kawaida huwa na umbo la jicho, urefu ukiwa mara 3 ya upana, ukifuata mikunjo ya asili ya uso ili kovu lijifiche humo. Ukikatwa mfupi mno, pembe za jeraha huinuka kama vinundu. Kina hufika kwenye mafuta, na kipande hutoka kikiwa kizima. Kabla hakijaachia, daktari hushona uzi mmoja kwenye upande wa juu, na huandika kwenye fomu kuwa uzi unaonyesha saa 12, yaani juu kabisa, ilipo namba 12 kwenye uso wa saa. Uzi huo ni wa lazima: maabara ikisema ukingo mmoja bado una saratani, ndio utakaoonyesha ni upande upi wa kurudia. Bila uzi, itabidi kukata kote upya.

Zipo sehemu tatu ambazo mkono wa daktari lazima uwe na tahadhari. Kwenye panja hupita mshipa wa fahamu unaoinua nyusi. Ukikatwa, nyusi ya upande huo hudondoka. Ukingoni mwa taya upo unaoshusha mdomo wa chini. Ukiguswa, mtu hucheka upande. Na pembeni mwa shingo, nyuma ya msuli mkubwa unaotoka sikioni kwenda kifuani, upo mshipa uliokaa karibu sana na ngozi unaoendesha bega. Mtu aliyetolewa kauvimbe hapo halafu akashindwa kuinua mkono juu ya kichwa, huenda mshipa huo umejeruhiwa, na arudishwe hospitali mapema, asiambiwe tu avumilie.

Kisha jeraha hufungwa. Dogo hushonwa kwa tabaka mbili: nyuzi zinazoyeyuka chini, na nailoni nyembamba ya namba 5-0 au 6-0 juu. Kubwa huhitaji ngozi ya kuazima. Kiraka cha ngozi huchukuliwa nyuma ya sikio au juu ya mtulinga, kwani rangi na unene wake hukaribiana na wa uso, hushonwa na kubanwa kwa pamba siku 5 hadi 7 ili kishike. Njia nyingine ni kusogeza ngozi ya jirani ikiwa bado na mishipa yake ya damu. Kwa pua iliyopoteza sehemu kubwa, ngozi ya kipaji hugeuzwa ikaletwa puani na kuachwa imeunganishwa na kipaji wiki 3 hivi, mpaka ipate damu ya mahali papya ndipo ikatwe. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba wiki hizo ataonekana wa ajabu, maana wapo wanaotoroka kwa aibu kabla ya operesheni ya pili.

Msimamo wetu hapa ni mkali: ngozi isisogezwe kufunika jeraha kubwa kabla ya kingo kuthibitishwa kuwa safi. Ukishaizungusha, ramani ya jeraha imevurugika, na ukingo mchafu hujulikani tena umekwenda wapi. Ni heri kufunika jeraha kwa bandeji yenye Vaseline, kubadilisha kila siku au mbili, na kusubiri jibu la maabara ndipo lizibwe. Jeraha safi la uso huvumilia kusubiri huko bila taabu kubwa.

Kingo zinavyosomwa

Maabara ya kawaida hukata kipande kwa vipande vyembamba kama mkate wa boflo, kisha husoma vichache kati ya hivyo. Ndiyo kusema sehemu ndogo sana ya ukingo wote, pengine chini ya asilimia 2, ndiyo hupita chini ya hadubini. Jibu la «kingo safi» lina maana kubwa, lakini si hakikisho kamili.

Daktari Frederic Mohs wa Wisconsin, Marekani, alianzisha katika miaka ya 1930 njia inayojibu tatizo hilo. Uvimbe huondolewa kwa tabaka jembamba lenye umbo la kisahani, hugandishwa palepale, na hukatwa kwa ulalo ili ukingo wote wa pembeni na wa chini uonekane kwa pamoja. Mgonjwa husubiri na bandeji usoni. Pakionekana saratani, daktari hurudi mahali hapohapo tu, huondoa tabaka jingine, hupima tena, mpaka paishe. Utafiti wa Uholanzi uliofuatilia wagonjwa wa saratani ya basali ya usoni kwa miaka 10 ulikuta imerudi kwa asilimia 4.4 ya waliotibiwa hivyo, na asilimia 12.2 ya waliokatwa kwa njia ya kawaida. Katika kanda yetu huduma hii ni adimu, kwa kuwa inataka mashine ya kugandisha, fundi wa maabara na daktari aliyefunzwa kusoma vipande hivyo. Lakini wazo lake linaweza kutumika bila mashine: kipande kinasomwa kingo zote kwa njia ya kawaida ya maabara, na jeraha linaachwa wazi siku chache. Kwa saratani ya pua, kope na sikio, ni jambo la kulidai pale panapokuwa na mtaalamu wa patholojia, yaani daktari anayesoma vipande maabara, anayeweza.

Ripoti ikitoka, mgonjwa apewe nakala yake. Aangalie mambo haya: aina ya saratani, kina chake kwa milimita, kama imezunguka mishipa ya fahamu, kama seli zake zimeharibika sana au kidogo, na umbali kati ya saratani na kila ukingo, pamoja na wa chini. Kwa skwamasi, upana unaozidi sentimita 2, kina kinachozidi milimita 6, kuota kwenye mdomo au sikio, au kuingia kwenye mishipa ya fahamu ni dalili za kuongeza matibabu na ukaguzi. Ukingo ukiwa mchafu, jibu ni kukata tena mapema. «Tusubiri tuone» si jibu la skwamasi.

Pale kisu si lazima

Madoa ya awali yenye magamba hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Doa moja huchukua sekunde 5 hadi 10 hivi, hufanya lengelenge, hukauka na kubanduka baada ya wiki moja au mbili. Kwa ngozi nyeusi, mahali hapo hubaki na baka jeupe kwa muda mrefu, na mgonjwa ajue kabla.

Uso wenye madoa mengi hutibiwa kwa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4. Ngozi itakuwa nyekundu, itawaka, itachubuka. Hiyo ndiyo kazi ya dawa. Wengi huacha siku ya kumi wakidhani wameunguzwa, na tiba inakatika kabla ya kufika. Heri kutibu eneo moja kwa wakati, kipaji kwanza, kisha shavu, kuliko uso mzima kwa pamoja. Isiguse macho, mikono ioshwe, na mjamzito asiitumie kabisa.

Krimu kama hizo, pamoja na imikwimodi, hutibu pia saratani ya basali iliyo juujuu tu. Katika utafiti mwingine wa Uholanzi, baada ya miaka 5 imikwimodi ilikuwa imeponya takriban asilimia 80 ya saratani hizo, na fluorourasili asilimia 70. Ni kiwango kizuri kwa shingo, kwa saratani iliyothibitishwa kuwa ya juujuu. Kwa skwamasi iliyoshaingia ndani, krimu haina nafasi. Vivyo hivyo kukwangua na kuchoma kwa umeme: hufaa kwa uvimbe mdogo wa shingoni, haifai puani wala kwenye kope, kwani haiachi ukingo wa kupima. Dawa za kienyeji zinazochoma ndizo mbaya kuliko zote. Hula ngozi ya juu, huacha kovu, na saratani huendelea kukua chini yake.

Tiba ya mionzi ni chaguo la kweli kwa mzee, kwa asiyestahimili operesheni, au pale ambapo kukata kungeondoa kope au pua nzima. Hupatikana Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Mulago, Kampala. Mipango inayotumika sana ni vikao vya kila siku kwa wiki 4 hadi 6 na nusu, kwa mfano grei (kipimo cha mionzi) 55 katika vikao 20 au 66 katika vikao 33; macho hukingwa kwa madini ya risasi. Ngozi hubabuka kuelekea mwisho wa tiba na hupona wiki kadhaa baadaye. Kwa kijana huepukwa kama kuna njia nyingine, kwa kuwa kovu lake huzidi kuwa baya miaka inavyokwenda, na mionzi yenyewe inaweza kuzaa saratani mpya. Ualbino peke yake haukatazi mionzi. Zeroderma pigmentosamu inakataza.

Melanoma ina hesabu yake. Doa jeusi linalobadilika umbo, rangi au ukubwa litolewe lote kwa mara ya kwanza, likiwa na ukingo mwembamba, ili kina kipimwe. Operesheni ya pili hufuata kina hicho: sentimita 1 kuzunguka kovu kama haizidi milimita 1, hadi sentimita 2 ikizidi milimita 2. Usoni nafasi huwa finyu, kwa hiyo kazi hii ifanywe na timu inayoijua.

Baada ya kushonwa

Bandeji ikae saa 24 hadi 48 bila kulowa. Kisha jeraha lioshwe taratibu kwa maji na sabuni kila siku, likaushwe, lipakwe Vaseline kidogo na kufunikwa. Gamba gumu juu ya nyuzi huchelewesha kupona, na Vaseline hulizuia. Alale kichwa kikiwa juu ya mito miwili. Macho kuvimba siku ya 2 au ya 3 baada ya operesheni ya pua au kipaji ni kawaida. Damu ikitoka, abane kwa kitambaa safi dakika 20 bila kuchungulia, isipokoma, hospitali. Maumivu yanayozidi kuanzia siku ya 4, usaha na joto ni dalili za maambukizi. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu asiache bila kuambiwa na daktari wake. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi 7, za shingoni siku ya 7 hadi 10. Zikikaa zaidi huacha alama kama ngazi. Kovu likianza kuinuka na kuwasha, hasa taya na shingoni, sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kulainisha kovu, ianze mapema.

Saratani ya skwamasi ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya kwanza, kwa hiyo ukaguzi wa ngozi na tezi huwa kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka hiyo, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa 5, halafu mara moja kwa mwaka. Ya basali huweza kurudi hata baada ya miaka 5. Mwenye ualbino akaguliwe kila miezi 3 hadi 6 maisha yake yote, kwa sababu ngozi iliyotoa saratani moja ina uwezo wa kutoa nyingine pembeni yake. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, penye kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi tangu 1992, ndiko inakotengenezwa pia losheni ya kuzuia jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Losheni ipakwe nene, irudiwe kila baada ya saa 2 mtu akiwa nje, na isisahauliwe masikioni, mdomoni na kikosini. Kofia iwe na ukingo wa kuzunguka pande zote, maana kapelo huacha masikio na shingo juani, na huko ndiko vidonda vingi huanzia. Kwenye kila ukaguzi mgonjwa aje na nakala ya ripoti ya maabara, hata kama kliniki ni ileile na daktari ni yuleyule.